Koko Victorine Alikunywa Kasiksi ya Konokono

Ba rafiki, hii yenye ninaenda kuwaambia hamutaiamini. Hata mimi sikuiamini. Nilimuuliza koko mara tatu, na mara ya tatu alikasirika, akaniambia nitoke ku kiti yake. Koko yangu, mama ya papa yangu, muntu wa misa kila asubui, muntu wa kunawa mikono mara mbili mbele ya kukula, huyo huyo alikunywa kasiksi, pombe ya ndizi, yenye konokono zilikufia ndani. Kikombe muzima! Saa sita ya muchana, watu ya milima mbili wanaangalia. Na haikuwa ulevi. Alikunywa juu ya ngombe moja na mutoto moja.

Mwaka ilikuwa 1962, inaishia. Koko alikuwa bado kijana, anaitwa Victorine, bibi ya Marcellin, pale karibu na Lushebere, mu milima ya Masisi. Watu walikuwa wanamuita Mama Gustave, juu papa yangu Gustave alikuwa tayari anatembea. Na kulikuwa bebe, Adelaïde, miezi ine.

Sasa musikie tatizo. Kisha kuzaa Adelaïde, Victorine alishikwa na homa kubwa, na homa ilipotoka, maziwa ya kifua ilikauka. Kabisa. Ukikamua, hakuna tone. Mutoto analia, mama analia. Njo jirani yake Mukabaranga akavuka kijito, akaangalia mutoto, akasema: "Dada, juu ya nini hukuniita? Unangojea akufe njo unifanyie heshima ya kunijulisha?"

Mukabaranga na bwana yake Rugamba walikuwa watu wa ngombe. Mulima yao iko ngambo, kijito tu katikati. Mukabaranga alikuwa na ngombe moja ya kwake mwenyewe, inaitwa Bihogo, ya rangi ya udongo mwekundu, maziwa mingi. Toka siku ile, kila asubui Victorine anavuka na kibuyu, anarudi na maziwa bado ya moto, mutoto anakunywa. Adelaïde akaanza kunona, mashavu sawa mandazi.

Na hapakuwa kulipa. Ku Masisi ya wakati ule ilikuwa hivi: ukishavuna maharagi, majani ya kukauka inabakia mu shamba, na ngombe za jirani zinakuja kuikula. Zinakula, zinaacha mavi, shamba inapata mbolea. Mwenye maharagi anatoa majani, mwenye ngombe anatoa maziwa. Hakuna karatasi, hakuna mushuhuda. Watu wanapeana tu.

Bon. Konokono sasa. Mvua ya Masisi munaijua, inanyesha sawa kuna muntu ameikosea. Na pale penye kunyesha vile, konokono zinazaana mbaya, zenye nyumba na zenye hazina nyumba, zile za utelezi tupu. Unapanda maharagi, inaota majani mbili, unalala. Asubui unakuta kijiti tu kimesimama. Watu wengine walikuwa wanamwaga majivu ya jikoni kuzunguka mumea, juu konokono haipende kutembea ku majivu. Ni vizuri, lakini mvua ikipiga mara moja, majivu inageuka matope, konokono inapita inacheka.

Victorine alikuwa na mupango yake. Wakati Marcellin anapika kasiksi ya ndizi, ile machicha nzito ya chini ya mutungi, Victorine anaichukua. Anakata magome ya mugomba, anaiinamisha sawa mitumbwi kidogo, anaweka mu shamba katikati ya mistari, anamwaga machicha kidogo. Konokono, ba rafiki, inapenda pombe kupita wajomba zangu! Zinasikia harufu, zinakuja, zinaingia, zinakunywa, zinakufia humo. Zingine zinajificha chini ya gome juu ya ubaridi. Asubui Victorine anapita, anaokota, anawapa mabata yake. Alikuwa na mabata saba, manene, yanatembea nyuma yake mu shamba sawa wanafunzi nyuma ya masere, wale watawa wa misioni. Maharagi yake inasimama wima, ya majirani inalala chini.

Lakini machicha ile haikuwa kintu ya kutupa. Ku kijiji ile, machicha ni ya wazee. Kesho yake kisha karamu, wazee wanakuja na mirija yao, wanakamua ile ya mwisho, wanasema habari. Sasa wanakuja kwa Marcellin, mutungi umekauka.

"Marcellin, machicha yetu iko wapi?"

"Bibi amepeleka ku shamba."

"Ku shamba kuna nani?"

"Konokono."

Weee! Kijiji nzima ilicheka. Hata Rugamba, yeye hana shamba, alimukuta Marcellin ku njia, akamutania: "Papa Gustave, jana konokono yako ilivuka kijito, ilikuja kuniuliza njia ya nyumbani. Ilikuwa inaimba!" Watu wanaanguka chini. Marcellin alicheka na meno, lakini ndani ilimuuma. Mwanaume wa kunyima wazee pombe, anapatia konokono. Koko aliniambia: "Bwana yangu hakuwa mubaya. Alikuwa tu muntu wa kuogopa kuchekwa."

Shika vizuri na hii. Mwezi wa kumi na moja, ngombe mbili za Narcisse, mudogo wa Rugamba, ziliingia mu maharagi ya Marcellin mbele ya kuvuna. Marcellin na Narcisse wakatukanana pale ku kijito, watu wengi wako. Narcisse akasema: "Maharagi yako ilikuwa ya konokono, sasa imepata wageni wa heshima." Marcellin, hasira imempanda, akajibu: "Siku moja ngombe zenu zitakula kintu, zitajuta." Maneno ya hasira tu. Lakini yalitoka, na watu waliyasikia. Na ile miaka, mulima ya maharagi na mulima ya ngombe zilikuwa zimeanza kuangaliana vibaya. Uhuru ilikuja, kila muntu anauliza mwenzake: wewe, hapa ni kwako kweli?

Kisha kuvuna, mwezi wa kwanza, moniteri wa kilimo akafika ku kinga, baiskeli yake, na mufuko kubwa ya dawa. Muntu wa mbali, hakujua desturi ya pale. Akakusanya wanaume, wanaume peke yao, sawa konokono zinakula wanaume. Akasema: Leta, ni kusema serikali, imewaletea dawa ya kumaliza konokono. Ilikuwa pumba, pumba ya kweli ya ngano, imechanganywa na kintu ya rangi ya bluu. Akapimia kila muntu mukebe moja, na ku mukebe amebandika karatasi yenye picha ya konokono. "Mutatia chini ya majani ya zamani, pale zinajificha, mbele ya kupanda. Siku ya posho, jumamosi, nitapita kuona. Mwenye hakutia, nitaandika jina."

Hakuuliza majani ile inaliwa na nani. Na hakuna mwanaume moja alimwambia.

Victorine alinusa mukebe, akasema: "Hii sitie. Mabata yangu wanaokota humo. Na jumatatu, siku ya kwanza, Bihogo anakuja kukula majani." Akaficha mukebe juu ya kichanja. Akaendelea na magome yake na machicha yake.

Siku ya posho, Victorine ameenda soko ya Masisi na bebe ku mugongo. Marcellin anabaki, anaona kinga ya moniteri inakuja kule chini, kutoka shamba moja kuingia ingine. Anaangalia shamba yake: mitumbwi ya mugomba, na konokono za kulewa. Anajua watu wenye wanamufuata moniteri watacheka, na jina yake itaandikwa. Akapanda ku kichanja, akachukua mukebe, akamwaga yote chini ya majani. Yote, ba rafiki! Moniteri akapita, akasema vizuri sana, akaenda. Na kesho yake akashuka Walikale na mufuko yake, hawakumuona tena.

Na ngombe, Marcellin hakuzifikiri? Alizifikiri. Lakini ku Masisi, watu walikuwa wamezoea dawa za picha. Ile ya kuogeshea ngombe ina picha ya ngombe. Ile ya minyoo ya mbuzi ina picha ya mbuzi. Ya ngombe ukiweka ku mbuzi, haifanye kintu. Basi hii ina picha ya konokono. Muntu anaona vile, anatulia. Bibi aliporudi, hakumwambia.

Siku ya kwanza asubui, ngombe zikavuka kijito. Bihogo mbele, sawa kawaida, juu alipenda pumba kupita zote. Saa ine, alianza kutetemeka miguu. Povu mu mudomo. Anatembea sawa haone, anagonga mugomba, anaanguka, anainuka, anaanguka. Mukabaranga alikimbia akamushika kichwa, anamuita jina, anamuimbia. Saa nane Bihogo amekufa. Ngombe zingine mbili zilitetemeka lakini zikapona. Na pembeni ya shamba, mabata matano, miguu juu.

Victorine aliinua majani, akaona bluu. Alikwenda ku kichanja, hakuna mukebe. Akamukuta Marcellin nyuma ya nyumba, amekaa ku kuni, mikono ku kichwa.

"Papa Gustave. Ulitia?"

"Ilikuwa na picha ya konokono," Marcellin akasema. "Victorine, ilikuwa na picha ya konokono."

Kesho yake mapema, kapita Benoît, mukubwa wa kijiji, akafika. Akauliza mukono gani ilitia. Marcellin akasema: "Yangu." Benoît akafunga mulango.

"Usiseme vile mbele ya watu. Mulima muzima ilisikia maneno yako kwa Narcisse. Ukisema ni wewe, watasema ulipanga. Narcisse amekwisha kuita ndugu zake mupaka Mushaki. Jioni hapa kutakuwa maiti, na haitakuwa moja." Kisha akageukia Victorine. "Mwanamuke akikosea dawa ni kukosea tu. Nitaomba radhi, nitatoa mbuzi, itaisha."

Victorine akauliza: "Na maziwa?"

Benoît aliangalia chini. Alijua. Wote walijua. Ku watu wa ngombe, mukono yenye imeua ngombe, hata bila kutaka, haipate tena maziwa ku kundi ile. Ukiipa, wanasema, ngombe zingine zinakauka. Si hasira, ni desturi. Kama mukono ni ya Marcellin, Victorine anaweza kuendelea kuvuka na kibuyu. Kama mukono ni ya Victorine, kibuyu imekwisha.

"Mutoto, tutatafuta njia," Benoît akasema.

Saa sita watu wakakusanyika ku kijito, mulima moja huku, mulima ingine kule. Narcisse na vijana wake wana mafimbo, na wengine wana mikuki, hawakuficha. Benoît akaelezea: ni dawa ya Leta, ilikuwa chini ya majani. Narcisse akavuka kijito, akapiga kelele:

"Bongo! Munatudanganya! Dawa ya konokono inaua ngombe? Konokono iko na kilo ngapi? Ni hii!" Akainua gome ya mugomba alitoa mu shamba, imejaa machicha na konokono za kuvimba. "Huyu mwanamuke ni mulozi. Miaka yote alikuwa anajaribisha sumu yake ku konokono, sasa amefika ku ngombe. Kesho ni watoto wetu!"

Neno mulozi, ba rafiki, hapo hauombewe tena radhi. Mulozi anachomwa na nyumba yake. Watu wakaanza kusogea.

Victorine akampa dada moja bebe. Akaenda kwa Narcisse, akachukua gome ile ku mikono yake. Akaimimina mu kikombe, konokono zinaanguka plup, plup. Akasema: "Muniangalie." Akakunywa. Yote. Ile ilibakia ku mudomo akafuta na kidole, akailamba. Unasikia tu maji ya kijito. Muzee moja wa upande yetu akasema polepole: "Angalau leo machicha imepata muntu." Hakuna alicheka.

Akakaa chini ku jua, wote wanamungojea akufe. Saa saba. Saa nane. Hakukufa. Alitapika kidogo, akanawa uso, akakaa tena. Rugamba, bwana ya Mukabaranga, akainuka.

"Pombe ni safi. Narcisse, weka chini fimbo. Basi ni ile dawa ya Leta." Kisha akauliza taratibu, na ilikuwa mubaya kupita kelele ya Narcisse: "Nataka kujua kintu moja. Mukono ya nani ilitia?"

Victorine akamuangalia Marcellin. Marcellin akafungua mudomo. Koko aliniapia, alifungua mudomo. Kisha macho yake ikafika ku mikuki, na mudomo ikafunga.

"Ni mimi," Victorine akasema. "Sikujua. Munisamehe."

Mukabaranga akavuka kijito, maji mupaka magoti, hakupita ku mawe. Akasimama mbele yake.

"Dada, uniangalie ku macho. Mimi nakujua. Wewe hukutaka hata kugusa ile mukebe, uliniambia mwenyewe. Ni wewe kweli?"

Hapa, ba rafiki, hapa! Mukabaranga alikuwa anamupa mulango. Neno moja ku sikio, na kesho maziwa iko. Lakini Narcisse amesimama hatua mbili nyuma yake, anasikiliza. Na bebe ku mikono ya dada ile ameanza kulia juu saa yake ya kunywa imepita.

"Ni mimi," Victorine akasema tena.

Mukabaranga alitingisha kichwa polepole. "Ulitia sumu ku ziwa yenye ilikuwa inanyonyesha mutoto yako. Basi mimi sikukujua." Akarudi ngambo. Ile siku hakuna aliyepigwa. Mbuzi ya Benoît ilichinjwa, watu walikula, wakarudi nyumbani wakisema mambo imeisha vizuri.

Victorine alijaribu uji ya mutama, ya kuchuja sana. Alijaribu maji ya maharagi. Alitembea mupaka kwa masere, wakamupa unga ya maziwa ya siku tano, wakasema imekwisha, barabara ya Goma imekatika. Alijaribu mbuzi ya jirani, mutoto akaharisha. Asubui moja alivuka kijito na kibuyu, akasimama ku lango ya Mukabaranga, hakuita. Mukabaranga alimuona. Alikuwa anakamua ngombe ingine. Aliinama, akaendelea kukamua. Victorine akangoja mupaka jua ikapanda, akarudi.

Adelaïde alikufa siku ya ishirini na tatu kisha Bihogo kukufa. Alikuwa amerudi mwepesi sawa siku alizaliwa.

Marcellin alichimba kaburi mwenyewe, hakutaka musaada. Kisha mwezi mbili akasema anaenda Walikale kutafuta kazi ya kuchimba mawe ya bati. Hakurudi. Wengine walisema alioa bibi mwingine kule, wengine walisema alikufa. Koko hakuuliza.

Na ile dawa? Msimu ile kijiji nzima ilitia. Konokono zilikufa kweli, na mabata, na vyura, na ndege zenye zilikuwa zinaokota konokono. Msimu wa pili Leta haikuleta mufuko. Konokono zikarudi nyingi kupita zamani, na hapakuwa tena kintu ya kuzikula. Watu wakakuja kwa Victorine: "Mama Gustave, ile mambo yako ya machicha, unafanyaka aje?" Aliwaonyesha. Gome inakatwa vile, inainamishwa vile. Yeye mwenyewe hakupanda tena maharagi maisha yake yote. Alipanda viazi.

Na sasa nataka muniambie, juu mimi usingizi haunikamate tangu alinielezea. Vita yenye Victorine alizuia pale ku kijito na mutoto yake, ilikuja mwaka uleule wa 1963, hata vile. Haikungojea ngombe ya muntu. Nyumba ya Benoît ilichomwa, Narcisse alikufa, Rugamba na Mukabaranga walikimbia na koko hakujua mupaka leo walifika wapi. Nilimuuliza: "Koko, ungerudishwa pale, ungesema ni Marcellin?" Akasema: "Siku ile sikujua ya kesho. Nilijua tu mikuki nilikuwa naona." Kisha akageuka ku ukuta.

Wewe mwenye unasoma, usinijibu haraka. Mikuki iko pale, unaiona. Mutoto iko pale, unamusikia. Rafiki yako anakuangalia ku macho na anakuuliza mara ya pili. Wewe ungesema nini?